Kabla ya Dawa ya Usingizi

(Mazungumzo ya wiki hii, kama yalivyosomwa redioni)

Katika nyumba yenye mgonjwa asiyelala, hakuna anayelala. Mlango wa choo unafunguliwa saa sita, unafunguliwa tena saa nane, unafunguliwa saa tisa na nusu. Taa inawashwa na kuzimwa. Unasikia kikohozi, mguno, kisha kandambili zikiburuzwa sakafuni. Kunapokucha mgonjwa ana macho mekundu, na wewe unayetakiwa kuwahi daladala una macho mekundu kumzidi. Ndipo kila anayepita mlangoni anapogeuka kuwa daktari. Huyu anasema mpeni maziwa ya moto. Yule anasema mpeni Piriton mbili. Wa tatu anashusha sauti na kusema: kuna vidonge vidogo hivi, hata mimi nilipewa, mtu analala kama mtoto mchanga.

Leo nataka kuzungumza juu ya vidonge hivyo vidogo. Nitaanzia nyumbani kwangu, kwa sababu kosa nitakalolieleza nililifanya mwenyewe, kwa mkono wangu huu.

Mama yangu ana umri wa miaka 71. Ana kisukari kwa mwaka wa kumi na nne sasa, na presha kwa muda mrefu zaidi ya huo. Magoti yanamuuma, miguu inavimba jioni, na mwaka juzi aliambiwa kwamba figo zake zimeanza kuchoka. Kwa sababu hiyo tulimtoa Muheza, tukamleta Temeke akae nami, awe karibu na hospitali. Alikuja na begi moja la nguo na mfuko mmoja wa dawa, na kwa uzito sijui upi ulizidi.

Alikuwa akihudhuria kliniki tatu. Kliniki ya kisukari ilikuwa na daftari lake, ya presha daftari lake, na ya mifupa, kwa ajili ya magoti, nayo daftari lake. Kila kliniki ilimpa dawa nzuri kwa ugonjwa wake. Jumla zilikuwa aina saba, na mama alizijua kwa rangi: nyeupe kubwa, nyeupe ndogo, ya pinki, ile chungu, na kadhalika. Sisi watoto tuliona fahari kwamba mama hakosi dozi hata moja.

Halafu usingizi ukamtoroka. Alikuwa akilala saa tatu usiku vizuri tu, lakini ifikapo saa nane au saa tisa anashtuka. Asubuhi anasema, "Mwanangu, leo nimekesha tena." Ikapita wiki, ukapita mwezi. Mchana akawa anasinzia kitini, chakula hakitaki, na hasira za karibu ambazo hakuwa nazo zikamjia. Dada yangu mkubwa akapiga simu kutoka Tanga, akasema kwa ukali wa kaka na dada: "Mtafutie mama dawa ya usingizi. Mnamwangalia tu?"

Basi nikatafuta. Tulianza na maziwa ya moto, hayakufaa kitu. Tukaenda kwenye Piriton, ile dawa ya mafua na muwasho ambayo kila nyumba inayo. Usiku wa kwanza alilala kidogo. Usiku wa pili mdomo ukakauka, akaamka mara nne kunywa maji, na kwa hiyo akaenda chooni mara nne. Nikaona Piriton ni dawa ya watoto, yafaa nitafute ya watu wazima. Nikaenda duka la dawa mtaani, nikamweleza kijana wa dirishani kwamba nina mzazi halali. Hakuuliza ana miaka mingapi wala anatumia dawa gani. Nami sikumwambia. Cheti cha daktari hakudai, na mimi sikuwa nacho. Nilitoka na vidonge kumi vya diazepamu, ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Valium, kwa bei isiyofika ya chapati na maharage.

Ndugu msikilizaji, usiku wa kwanza mama alilala mpaka adhana ya alfajiri. Nyumba nzima ililala. Nilimpigia dada yangu simu nikiwa na furaha ya mtu aliyeshinda bahati nasibu. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu nikaona mama anatamka maneno kwa kuburuza. Siku ya nne aliniuliza kama baba amekwisha kurudi kazini. Baba alifariki mwaka 2009. Nilijiambia kwamba ni uzee. Usiku wa sita, akielekea chooni, aliangukia mkono. Mfupa wa kifundo ukapata ufa, akafungwa hogo.

Nilipokuwa nimemshikilia pale kwenye benchi la hospitali, akiwa amefunga macho kwa maumivu, nilijua kwamba mama hakuangushwa na uzee. Nilimwangusha mimi.

Lakini mkono ule uliovunjika ndio uliotupeleka kwa daktari mmoja, mwanamke kijana, ambaye alitufunza jambo moja ninalotaka kuliacha kwako leo. Baada ya kuushughulikia mkono alitazama karatasi, akauliza mama anatumia dawa gani. Nikaanza kutaja, nikakwama kwenye ya nne. Akasema: "Kesho njooni na dawa zote. Nisionyeshwe madaftari tu, nataka dawa zenyewe. Na zile mlizonunua dukani, na zile za jirani, na kama kuna mizizi, mizizi pia."

Kesho yake tulimwaga mfuko mezani kwake. Akazipanga kama mtu anayepanga karata. Kisha hakuniuliza mimi, alimgeukia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, usiku unapoamka, ni nini kinachokuamsha?"

Ndugu msikilizaji, katika miezi miwili ya kutafuta dawa ya usingizi, hakuna aliyekuwa amemuuliza mama swali hilo. Sote tulikuwa tumeuliza, "Umelala?" Kumbe swali lilikuwa hilo la daktari.

Mama akafikiri kidogo. Akasema anaamshwa na mambo mawili. La kwanza ni mkojo. La pili akalisema kwa kusitasita, kama mtu anayeona aibu. Alisema anaota anatumbukia kisimani, anashtuka moyo ukienda mbio, nguo zimelowa jasho, mikono inatetemeka. Alidhani ni mashetani ya huku mjini, ndiyo maana hakutuambia.

Daktari akaniuliza: "Amekwisha kupimwa sukari wakati huo, usiku?" Mashine ya kupimia sukari tulikuwa nayo, lakini tulikuwa tukipima asubuhi tu, kama tulivyoelekezwa.

Usiku ule sikulala. Ilipofika saa tisa kasoro dakika kumi, mama akashtuka. Nilimtoboa kidole. Mashine ikahesabu, ikaandika 2.6. Wenye kisukari wananielewa. Wasio nacho niwaeleze kwamba kwa vipimo tunavyotumia hapa kwetu, mgonjwa wa kisukari anafundishwa kuwa sukari isishuke chini ya 4, na ikipita chini ya 3 ubongo wenyewe unaanza kukosa chakula. Tulimpa vijiko vitatu vya sukari katika maji, kama daktari alivyotuelekeza, tukasubiri robo saa, tukapima tena. Ikapanda. Mama akatulia, akala kipande cha mkate, akalala bila kidonge chochote.

Asubuhi daktari alitueleza mambo yalivyofuatana, na nitajitahidi kuyaeleza kama alivyoyaeleza.

Kliniki ya mifupa ilimpa mama diklofenaki kwa ajili ya magoti. Ni dawa inayotuliza maumivu kweli, lakini huzibana figo, hasa kwa mtu ambaye anatumia pia dawa ya kukojoza na dawa ya presha ya aina ya losatani. Mama alikuwa anazo zote mbili. Figo zilizokuwa zimechoka zikazidi kuchoka. Sasa katika kliniki ya kisukari alikuwa akipewa glibenklamidi, asubuhi na jioni. Dawa hii huusukuma mwili kutoa insulini, na takriban nusu ya mabaki yake hutolewa nje na figo. Figo zikizembea, dawa inabaki mwilini na kuendelea kufanya kazi hata pale ambapo mtu amelala na hakuna chakula tumboni. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa watu waliopita miaka 60. Mama alianza kuitumia akiwa na miaka 57, ilimfaa, na hakuna aliyekumbuka kuhesabu miaka.

Ama mkojo, kliniki ya presha ilimpa furosemidi kwa ajili ya uvimbe wa miguu, kutwa mara mbili. Mama, kwa kufuata maelekezo kwa uaminifu, alimeza moja asubuhi na moja saa moja usiku. Furosemidi ikimezwa hufanya kazi kwa muda wa saa sita hivi. Ukiimeza saa moja usiku, umejipangia mwenyewe safari za chooni mpaka saa saba.

Kisha daktari akasema neno ambalo mpaka leo linanirudia nikilala. Alisema: "Ile ndoto ya kisima, na lile jasho, ni kengele. Sukari ikishuka, mwili unapiga kengele ili mtu aamke ale. Nyinyi mlikuwa mnatafuta dawa ya kuzima kengele."

Nilimeza mate. Kwa usiku tano kengele ile ilipiga, na mama hakuisikia, kwa sababu mimi nilimpa kidonge asiisikie. Mtu wa namna hiyo anaweza kulala na asiamke kabisa, na asubuhi majirani wakaja kutupa pole na kusema, "Angalau amekwenda kwa amani, usingizini."

Sasa, ndugu msikilizaji, tuache ya nyumbani kwangu tuangalie jambo lenyewe kwa mapana.

Binadamu ametafuta dawa ya usingizi isiyo na madhara kwa muda mrefu, na mara nyingi aliposema ameipata, alikuwa amejidanganya. Mwaka 1957 huko Ujerumani Magharibi iliingia sokoni dawa ya usingizi iitwayo thalidomidi. Ilisifiwa kuwa salama kiasi kwamba iliuzwa bila cheti cha daktari. Hata wajawazito waliinywa. Ilipoondolewa sokoni nchini humo mwezi Novemba 1961, maelfu ya watoto katika nchi nyingi walikuwa wamezaliwa wakiwa na mikono na miguu mifupi, au hawana kabisa. Dawa iliyomlaza mama bila tatizo ilimwangamiza aliyekuwa tumboni. Somo lake ni kwamba haitoshi kuuliza kama dawa inalaza. Sharti uulize inamlaza nani, na mtu huyo amebeba nini mwilini.

Diazepamu yenyewe iliingia sokoni mwaka 1963. Ni dawa yenye kazi zake za heshima. Mtoto mwenye degedege inaweza kumwokoa. Lakini inapoingia katika mwili wa mzee haina haraka ya kutoka. Kwa kijana, nusu ya dozi huweza kutoka kwa siku moja au mbili. Kwa mzee huweza kupita siku tatu. Maana yake ni kwamba kidonge cha Jumanne kinapofika kinakikuta cha Jumatatu bado kimekaa, na cha Jumatano kinavikuta vyote viwili. Ndiyo sababu mama alikuwa mzima siku ya pili na mlevi siku ya nne.

Mwaka 1991 daktari wa Marekani, Mark Beers, akiwa na wenzake, alitoa orodha ya dawa zinazopasa kuepukwa kwa wazee wanaotunzwa katika nyumba za wazee. Orodha hiyo imeendelea kurekebishwa, na mwaka 2023 ilitolewa tena na chama cha madaktari wa wazee cha nchi hiyo. Niliisoma nikiwa na mfuko wa mama mkononi. Diazepamu na ndugu zake wamo. Dawa za mzio za zamani, aina ya Piriton, zimo. Amitriptilini, ambayo watu wengi hupewa usiku kwa miguu inayowaka moto, imo. Na glibenklamidi imo.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila aliyepewa dawa hizo na daktari wake amekosewa. Daktari anayekujua anaweza kuwa na sababu, na anaweza kukupa dozi ndogo huku akikuangalia. Ninachosema ni kwamba dawa ya usingizi haina tabia moja kwa watu wote, na mtu mwenye maradhi mengi ndiye inayembadilikia zaidi.

Nitatoa mifano michache. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba akimeza Piriton apate usingizi, mkojo unaweza kuziba kabisa, akapelekwa hospitali usiku huohuo kuwekewa mpira. Mwenye presha ya macho naye ajihadhari nayo. Mtu anayekoroma sana, kisha akanyamaza kana kwamba pumzi imekatika, halafu akashtuka na kuhema, huyo ana tatizo la njia ya hewa usingizini. Dawa za kulegeza kama diazepamu humzidishia, na pombe humzidishia. Mgonjwa wa saratani anayetumia mofini kwa maumivu asiongezewe kidonge cha usingizi kwa siri na ndugu mwenye huruma, kwani viwili hivyo pamoja hupunguza pumzi. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali kabisa liandikwe juu ya mchanganyiko huo.

Kuna wanaosema dawa hizo ni za kizamani, siku hizi kuna mpya kutoka nje. Zipo. Zolpidemu ni mojawapo. Mwaka 2013 mamlaka hiyohiyo iliagiza dozi yake kwa wanawake ipunguzwe kwa nusu, kwa kuwa asubuhi bado ilionekana damuni kwa kiasi cha kumfanya mtu asifae kuendesha gari. Mwaka 2019 ikaongeza onyo kali, baada ya watu kutembea, kupika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini, na wengine kufa.

Na kuna melatonini, ambayo ndugu walioko Marekani na Uingereza huwatumia wazazi wao katika vifurushi. Hiyo ni homoni ambayo ubongo wenyewe huitoa giza linapoingia. Kwa wengi si kali, na katika nchi za Ulaya iliruhusiwa mwaka 2007 kwa watu wa miaka 55 na kuendelea, miligramu 2 kwa usiku, kwa muda mfupi. Lakini Marekani inauzwa kama chakula cha nyongeza, na ukaguzi wake ni hafifu. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za melatonini ya kutafuna. Aina 22 hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye chupa, na moja haikuwa na melatonini hata chembe. Ukipokea chupa ya namna hiyo, nayo imwage mezani kwa daktari pamoja na nyingine.

Na pombe? Wapo wazee wanaoamini glasi moja ya kulalia. Pombe inaleta usingizi wa mwanzo na kuuvunja wa mwisho. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za kushusha sukari, inaweza kuishusha zaidi katikati ya usiku. Jasho la saa tisa ndilo hilo.

Utaniuliza, basi mgonjwa mwenye maradhi mengi asilale? La hasha. Kukosa usingizi si jambo dogo. Kunapandisha presha, kunavuruga sukari, kunamchosha mgonjwa na anayemuuguza. Anastahili kusaidiwa. Lakini utaratibu wake ni huu.

Kwanza, uliza kinachomwamsha. Kama ni maumivu, yatibiwe maumivu. Kama ni mkojo, itazamwe saa ya dawa ya kukojoza, na ipimwe sukari, maana sukari ikiwa juu nayo humpeleka mtu chooni. Kama ni kukosa hewa akilala chali hadi aongezewe mito, huo ni moyo unaoomba msaada, aende hospitali upesi. Kama ni jasho na kutetemeka, pima sukari palepale. Usingoje asubuhi.

Pili, tazama kama kinachomnyima usingizi kimo ndani ya mfuko wa dawa zake. Prednisoloni ikimezwa jioni hukesha na mwenyewe. Dawa za kutanua kifua za pumu huupeleka moyo mbio. Dolutegraviri, inayotumiwa na ndugu zetu wanaoishi na virusi vya ukimwi, kwa baadhi yao hukatiza usingizi, na daktari huweza kushauri imezwe asubuhi. Mara nyingi dawa bora ya usingizi si ya kuongeza. Ni kuhamisha saa ya iliyopo, au kuipunguza. Lakini kazi hiyo ni ya daktari, si yako wala ya jirani.

Tatu, kuna matibabu ya usingizi yasiyo ya vidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu aanze na hayo kabla ya dawa. Ni mazoea yanayopangwa upya: kuamka saa ileile kila siku hata kama usiku ulikuwa mbaya, kutolala mchana kutwa, kutokaa kitandani ukiwa macho kwa saa nyingi ukihesabu mabati, kuacha chai ya rangi na kahawa kuanzia alasiri. Ni ya polepole, na yanahitaji mtu wa kukusimamia. Faida yake ni kwamba hayachoshi figo wala hayamwangushi mtu chooni.

Nne, kama baada ya yote hayo daktari ataona dawa inahitajika, muulize mambo manne. Inafaa kwa figo na ini la mgonjwa huyu? Inapatana na dawa nyingine hizi? Ni kwa siku ngapi? Na tutaiachaje? Hilo la mwisho usilisahau. Aliyetumia diazepamu kwa miezi asiikate ghafla kwa kunisikiliza mimi leo. Kuikata ghafla kunaweza kuleta degedege. Arudi kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Mtu atasema, makosa ni ya hospitali. Kliniki tatu, madaftari matatu, na hakuna aliyefungua la mwenzake. Ni kweli, na jambo hilo linapaswa kusemwa kwa sauti. Mgonjwa mmoja hawezi kugawanywa vipande, huyu achukue magoti, yule sukari, na mwingine moyo. Figo hazina daftari, lakini ndizo zinazopokea zote. Mtu atasema, makosa ni ya kijana wa dirishani aliyeuza dawa ya cheti bila cheti. Nalo ni kweli. Lakini mnunuzi alikuwa nani? Nilikuwa mimi, mwenye diploma ya uandishi wa habari, ninayelipwa mshahara kwa kazi ya kuuliza maswali. Kwa mama yangu mwenyewe sikuuliza.

Mama naye ana sehemu yake, ingawa siwezi kumlaumu. Alificha ile ndoto. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini wazazi wetu huficha kwa sababu hawataki kutusumbua, au kwa sababu tunawauliza tukiwa tumesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Kaeni chini, ndugu zangu. Kaeni kitandani pale miguuni pake, mkawaulize.

Je, mama analala? Daktari aliiondoa glibenklamidi, akampa dawa nyingine kwa dozi ndogo, ya asubuhi tu. Diklofenaki ilitupwa, magoti yanapata parasetamoli na kuchuliwa. Furosemidi ya pili sasa inamezwa saa nane mchana. Diazepamu iliyobaki, vidonge vinne, tuliirudisha kwa mfamasia wa hospitali. Dawa mpya ya usingizi hakupewa. Sitasema kwamba analala kama mtoto. Anaamka mara moja, na magoti yanamuuma siku za mvua. Mkono umepona lakini hawezi tena kukamua nazi, na nikimwona anamwachia mjukuu ile kazi aliyoipenda, nageuza uso.

Lakini ndoto ya kisima haijarudi. Na ule mfuko wa dawa sasa una karatasi moja ndani yake, imeandikwa kwa herufi kubwa jina la kila dawa, saa yake, na kazi yake. Kila kliniki anayokwenda, karatasi hiyo inatangulia mezani kabla ya daftari.

Kama nyumbani kwako kuna anayekesha, usikimbilie dirishani kama nilivyokimbia mimi. Leo usiku muulize kinachomwamsha. Kesho chukua mfuko wake wote uende naye.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nakutakia usiku mwema.